Vifua vya Kaskazi

Jambo nililokusudia kulizungumza usiku huu ni jambo linalotazamwa na wengi na kutajwa na wachache, nalo ni ukweli, au niseme uhaba wa ukweli, juu ya dawa wanazojidunga watunisha misuli ili wapate vifua na mabega ambayo chuma peke yake, hata kikiinuliwa kwa bidii ya miaka, hakiwezi kuwapa.

Naanza karibu, katika mitaa yetu wenyewe ya Kwale. Ukiiacha barabara kuu ya Ukunda wakati wa alasiri, jua likiwa limepunguza ukali wake, ukaingia vichochoroni, hukosi kukuta ua uliozungushiwa makuti ambao ndani yake vijana wanapiga chuma. Chuma chenyewe aghalabu ni bomba la maji lililokatwa kwa urefu wa mtu, na kila ncha yake ilichomekwa katika kopo la rangi likamiminwa zege. Zege ilipokauka kopo lilibanduliwa, na jiwe likabaki na alama za mikunjo ya bati. Kwa kuwa aliyekoroga zege hakupima, upande mmoja huzidi wa pili, na kijana mzoefu hujua kusogeza kiganja chake kidogo upande wa uzito ili bomba lisimpindue. Ukutani pana kipande cha kioo kilichoshikizwa kwa misumari, na kila mmoja akimaliza zamu yake husimama mbele ya kioo hicho akajipima kwa macho. Mimi pahali hapo napapenda. Kijana aliyemwaga jasho lake mle, akenda zake akaoga na kulala mapema, si mzigo kwa mamaye wala kwa serikali, na laiti mambo yangekomea hapo nisingekuwa na mazungumzo.

Lakini mwili, katika pwani hii ya kusini, ni mtaji. Mwenye kifua kipana hupewa kazi ya kusimama mlangoni mwa klabu ya usiku, hupewa kazi ya ulinzi, huajiriwa kuwafundisha wageni mazoezi. Na yule anayetembea ufuoni pale Diani akiwauzia wageni vinyago, au safari ya kwenda kuwaona pomboo kule Kisite, naye ajua kwamba mgeni humtazama kabla hajamsikiliza. Na msimu una miadi yake. Wakati wa masika na upepo wa kusi hoteli kadha wa kadha hufunga milango na wafanyakazi wakarudi makwao. Kaskazi inapoanza kuvuma, kuelekea Disemba, wageni huja, na kijana ambaye Agosti alikuwa mwembamba ataka Disemba imkute mpana. Miezi minne! Hapo ndipo mtu wa sindano anapompata mteja wake, maana bidhaa anayoiuza hasa ni muda.

Na aghalabu kijana huyo hakuanza na tamaa ya dawa. Alianza na swali. Alimwendea yule mkubwa wao wa pale uani, ambaye mkono wake hauzungukwi na viganja viwili, akamwuliza: “Kaka, wala nini wewe?” Naye akajibiwa: “Ugali, samaki, mayai, mbaazi, na kulala mapema.” Jibu hilo lina kweli ndani yake, kwani mayai yaliliwa na usingizi ulilalwa, na kwa ajili hiyo ni baya zaidi kuliko uongo mtupu. Kijana huenda akala samaki na mbaazi mwaka mzima, akapata nguvu na siha njema asipate umbo lile, na wala asimshuku aliyemjibu. Hujishuku mwenyewe kwamba ni mvivu, au huishuku nasaba yake kwamba wazee wake walikuwa watu wembamba. Kisha siku moja, akiwa amekata tamaa, mtu wa tatu humnong’oneza siri, na siri hiyo humjia pamoja na bei yake.

Atakaye ushahidi wa kazi tupu hufanya nini mwilini, ushahidi tunao hapa hapa. Watazame wachongaji wa mawe ya matumbawe katika matimbo yetu, ambao sururu haiwatoki mkononi tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Watazame wagema wapandao minazi asubuhi na jioni, na wavuvi wa Gazi na Msambweni wanaovuta nyavu na kusukuma vyombo kuviingiza majini. Ni watu wakavu, wenye mishipa na stamina ambayo mtu wa jimu hawezi kushindana nayo hata juma moja, lakini sijamwona kati yao ambaye mabega yake yamemeza shingo. Miaka 20 ya timbo haikuwapa kile ambacho jirani yao amekipata baina ya Idi moja na nyingine.

Matabibu nao wamelipima jambo hili kwa mizani. Mwaka 1996 jarida la matibabu la New England, huko Marekani, lilichapisha uchunguzi wa Daktari Shalender Bhasin na wenzake, ambao waliwagawa wanaume 43 katika mafungu manne kwa muda wa wiki 10. Wengine walidungwa testosteroni, ndiyo homoni ya kiume, kwa kiasi kinachokishinda mbali kile ambacho mwili hujitengenezea. Wengine walidungwa sindano isiyokuwa na dawa ndani yake. Na katika kila upande wako walioinua vyuma na wako walioketi. Walioinua vyuma pasipo dawa waliongeza kilo 1.9 za mwili usiohesabiwa mafuta. Walioketi na dawa waliongeza kilo 3.2. Waliochanganya yote mawili waliongeza kilo 6.1. Naomba tuzirudie hesabu hizi polepole, kwa sababu ndani yake mna kesi nzima: aliyeketi akidungwa alimshinda kwa nyama aliyetokwa na jasho. Basi mwalimu anayemwonesha mwanafunzi wake bomba na zege, na sindano akaiacha chini ya mto, amemwonesha sehemu ndogo ya sababu akamficha iliyo kubwa.

Ulaghai huu si wa jana, wala haukuzaliwa Afrika. Testosteroni ilitengenezwa katika maabara za Ulaya mwaka 1935. Mwaka 1954, kwenye mashindano ya dunia ya kunyanyua uzani mjini Vienna, daktari wa timu ya Marekani aliyeitwa John Ziegler akapata habari kwamba Warusi huwapa watu wao homoni hiyo; na mwaka 1958 kampuni ya Ciba ilipotoa vidonge vya Dianabol, vilivyokusudiwa wagonjwa waliodhoofika, Ziegler akawapelekea wanyanyuzi wa klabu ya York katika jimbo la Pennsylvania. Sasa msikilizeni mwenye klabu, Bob Hoffman. Alikuwa mfanyabiashara hodari, muuza vyuma, muuza jarida, muuza unga wa protini. Wakati ule ule klabuni mwake palikuwa pameingia mtindo mpya wa mazoezi: bomba hufungiwa ndani ya fremu ya chuma kwa pini nene, mtu huingia chini yake akasukuma kwa nguvu zake zote kwa sekunde chache, bomba lisitikisike hata unywele, kisha akapumzika, na huo ukawa ndio wote mtindo. Wanyanyuzi wa Hoffman wakapata nguvu ghafla, rekodi zikavunjwa, naye katika jarida lake akayasifu mazoezi hayo ya kusukuma kisichosogea, akayauzia fremu na vitabu vya maelekezo, na vidonge visitajwe. Watu wasiojua siri hiyo wakanunua, wakajifungia katika mabanda yao ya magari, wakasukuma vyuma mpaka macho yakawatoka, wakingojea ajabu waliyoahidiwa. Ziegler mwenyewe baadaye alijutia mlango alioufungua. Basi nikiona katika duka kopo la unga lenye picha ya mtu aliyefura, sioni kitu kipya. Namwona Hoffman na fremu yake.

Mashindano makubwa ya kulipwa, Mr. Olympia, yalianzishwa mwaka 1965 na Joe Weider, ambaye naye alikuwa mwuza majarida na unga. Mwaka 1990, na mwaka huo peke yake, washindani walipimwa dawa. Wako waliotolewa mashindanoni, na mwaka uliofuata vipimo vikaachwa, kwa kuwa watazamaji walikuja kutazama ukubwa na wenye mashindano walikuwa na tikiti za kuuza. Mpaka leo mashindano hayo hayaendeshwi kwa kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni. Hapo ndipo ninapostaajabu. Mkimbiaji akificha, namwelewa, kwa kuwa akikamatwa atafungiwa na jina lake litapita katika magazeti; lakini mtunisha misuli wa kulipwa amfiche nani, ilhali waamuzi wanajua, wapinzani wanajua, na hakuna atakayempima? Ni kweli kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1990 iliziingiza dawa hizi katika orodha ya zile zinazodhibitiwa, na hofu ya polisi si jambo dogo. Hata hivyo kwa maoni yangu anayefichwa zaidi ni mnunuzi wa kopo.

Mwaka 2022 ulitupa kielelezo ambacho hata mtunzi wa hekaya angeona haya kukitunga. Mtu wa Marekani aitwaye Brian Johnson, aliyejipa lakabu ya mfalme wa maini, alijipatia wafuasi kwa mamilioni akitembea kifua wazi, akila maini mabichi mbele ya kamera, akihubiri kwamba mwili wake ni matunda ya kuishi kama wahenga wa kale, na huku akiuza vidonge vilivyotengenezwa kwa viungo vya wanyama. Barua pepe zake zikavuja, zikaonesha kwamba alikuwa akitumia zaidi ya dola 11,000 kwa mwezi kwa ajili ya dawa, na ndipo Disemba ya mwaka huo akajitokeza kukiri na kuomba radhi. Alikiri baada ya kushikwa, na toba ya namna hiyo kila mtu ana ruhusa ya kuipima kwa kipimo chake.

Katika fikihi ya biashara, ambayo watu wa pwani hii waliisoma vyuoni kabla ya kuijua sheria ya mkataba wa Kizungu, muuzaji ana wajibu wa kuitaja aibu ya bidhaa yake, na mnunuzi aliyefichwa aibu hiyo ana hiari ya kurudisha kitu na kudai mali yake. Mtu akiipaka rangi mashua iliyooza ubao wa chini akaiuza kwa bei ya mashua nzima, kadhi hatahitaji muda mrefu kuamua. Lakini huyu aliyeuziwa mwili wa mwenziwe kuwa ni mwili wa mayai na mbaazi, amrudishie nani, na kitu gani? Alicholipa si shilingi tu. Alilipa miaka ya ujana wake, na pengine alilipa afya.

Sina budi kusema kwamba wako waliokiri bila ya kushikwa. Arnold Schwarzenegger, ambaye filamu zake zilijaza mabanda yetu ya video, na ambaye alitwaa Mr. Olympia mara 7, amesema waziwazi kwamba alizitumia dawa hizo, na amewaonya vijana wasimfuate. Dorian Yates wa Uingereza, mshindi wa tangu 1992 mpaka 1997, naye hakuona haya kusema. Nawapa heshima yao. Lakini siku hizi, katika simu za vijana wetu, umezuka ukiri wa namna nyingine, ambao mtu hutaja dawa zake moja baada ya moja kwa kiasi chake, kwa tabasamu, na mwisho wake akaeleza zinakopatikana. Huo nao huitwa ukweli, na kwa hakika si uongo. Ni tangazo la biashara lililovaa kanzu ya toba. Mwenye kusema alitumia nini, asiseme kilimgharimu nini, ametoa nusu ya hesabu.

Hapa nchini mwetu ukweli juu ya pufya, yaani dawa zilizokatazwa michezoni, umetolewa kwa nguvu, na umetoka kwa wakimbiaji. Mwaka 2016, ulimwengu ulipotishia kutufungia mlango wa Olimpiki ya Rio, tulitunga sheria na kuunda shirika la kupambana na dawa hizo, ADAK. Tangu hapo tumewasikia wakubwa wakitajwa: Jemima Sumgong, bingwa wa marathoni wa Rio, mwaka 2017, na Asbel Kiprop, aliyefungiwa miaka 4 mwaka 2019. Hao walikutwa na dawa ya kuongeza chembe za damu, ambayo ni ya pumzi. Aliyekutwa na dawa ya jamii hii ninayoizungumzia ni mwanariadha wa mbio fupi Mark Otieno, aliyesimamishwa kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 siku ile ile aliyotarajiwa kukimbia mita 100, kwa sababu ya methasteroni, dawa ambayo huko Marekani iliwahi kuuzwa waziwazi katika makopo ya virutubisho. Ama Ferdinand Omanyala, aliyefungiwa miezi 14 mwaka 2017, yeye alikutwa na betamethasoni, ambayo haitunishi misuli, na alieleza kwamba ilitokana na matibabu ya mgongo; alirudi, na mwaka 2021 akakimbia pale Kasarani kwa sekunde 9.77. Nataja tofauti hiyo kwa makusudi, ili mgonjwa wa pumu anayenisikiliza asije akatupa vidonge alivyopewa na daktari kwa kusikia kwamba navyo, kama dawa hizi za misuli, huitwa steroidi.

Sasa pimeni wenyewe. Mkimbiaji wa Iten huamshwa alfajiri na mpimaji akatakiwa kutoa mkojo mbele ya shahidi. Kijana wetu wa Ukunda hayumo katika daftari la chama chochote, hashindanii medali, na hakuna wa kumgongea mlango. Dawa huzipata kwa mkono wa mtu, kichupa kisicho na uhakika wa kilichomo, na sindano huchomwa tako na rafiki aliyejifunza kwa kutazama. Kwake hakuna sheria ya mchezo inayomfikia. Limebaki neno la watu wachache walio karibu naye.

Madhara yenyewe nitayasema kwa ufupi, kwa kuwa daktari angeyasema vizuri zaidi. Moyo nao ni msuli, na dawa haijui kuchagua. Huunenepesha kuta zake, na mafuta mabaya ya damu yakapanda na mazuri yakashuka. Vidonge vya kumeza huliumiza ini. Mwaka 2025 watafiti wa Padova, Italia, walichapisha habari za wanaume zaidi ya 20,000 waliopanda majukwaa ya kutunisha misuli, ambao kati yao vifo 121 viliorodheshwa. Umri wa wastani wa waliokufa ulikuwa miaka 45, zaidi ya theluthi moja walikufa kwa moyo kusimama ghafla, na hatari hiyo kwa wale wa kulipwa ilipindukia mara 5 ya ile ya ridhaa. Kabla ya hapo walitangulia wengine. Mohammed Benaziza, Mfaransa mwenye asili ya Aljeria, alikufa mwaka 1992 saa chache tu baada ya kushuka jukwaani Uholanzi, mwili ukiwa umekaushwa maji ili ngozi igande juu ya misuli. Na Andreas Münzer wa Austria mwaka 1996, akiwa na miaka 31.

Lakini hofu ya kifo haimtishi kijana wa miaka 24, na sijapata kumwona aliyetishika nayo. Kuna jambo jingine ambalo huwafikia walio hai, nalo hutokea nyumbani, kimyakimya, na huwa na mtu mwingine anayelipishwa. Mwili ukiona homoni inaingizwa kutoka nje huacha kuitengeneza yake. Korodani hunywea, na mbegu za uzazi hupungua mpaka zikaweza kutoweka kabisa. Hili si uvumi: Shirika la Afya Duniani lilipata kuifanyia majaribio testosteroni ya sindano kuwa njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na likachapisha matokeo mwaka 1990 na 1996, kwa sababu ilionekana kweli kwamba huzuia. Basi mwonee huruma binti wa watu aliyeolewa na kifua cha kaskazi. Mwaka unapita hakushika mimba, wa pili unapita, mawifi wanaanza kusemasema, mama mkwe anataja mganga wa Kinango, na yeye anakunywa kila dawa ya mizizi anayoletewa. Na mume, ambaye ajua alichojichoma na ajua tangu lini, ameketi barazani akinyamaza kwa haya.

Mtu huyo nataka anisikie vizuri. Kwa walio wengi mbegu hurudi baada ya dawa kuachwa, japo huchukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka, na kuacha kwenyewe kwataka usimamizi wa tabibu kwa sababu moyo wa mtu huingiwa na simanzi na maungo yakalegea. Tabibu naye hawezi kutibu asichoambiwa. Ataandika vipimo vya mke, vipimo vya damu, vipimo vya ghali, akitafuta maradhi ambayo hayapo. Msambweni pana hospitali kubwa ya rufaa ya kaunti, na daktari si askari wala si mpimaji wa WADA, na siri ya mgonjwa kwake ni amana. Aende yeye pamoja na mkewe, waingie chumba kimoja, na kabla mke hajaulizwa swali lolote, aseme yeye kwanza.